Karanga Zilizofukiwa

Bibi Afya alianza na miguu. Ulimpa shikamoo yako, lakini hakuitikia kwanza. Aliinama, akamshika mtoto wako mguu, akabonyeza kwa kidole gumba pale juu ya vidole, kisha akaondoa mkono na kusubiri. Nyama ikirudi, alisema, "Marahaba, nenda." Kikibaki kishimo, kama pale unapobonyeza ugali uliopoa, alisema, "Huyu abaki," na shikamoo yako ikafia hapo hapo.

Mguu wa binti yangu Riziki ulibaki na kishimo. Tulikuwa na siku tisa tangu tushushwe ufukoni Kibirizi, Kigoma, tukitoka ng'ambo ya ziwa tukikimbia vita, kisha tukapakiwa kwenye malori hadi kambini kule milimani. Riziki alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, na mimi mjinga niliyaonea fahari. Nilidhani wangu ndiye mtoto pekee aliyevuka maji akiwa mnene.

"Siyo unene huo," Bibi Afya akaniambia. "Ni maji. Mwanao amevimba njaa."

"Lakini anakula, Mama. Anakula bugali kila siku."

"Ugali mtupu. Ndiyo maana nikasema amevimba njaa."

Nilimchukia kuanzia siku ile, na kumchukia hakukunizuia kufanya kazi chini yake kwa karibu miaka miwili. Alikuwa mtumishi wa serikali, wa kabila la huko kusini, Masasi. Alikuwa amehamishiwa Kigoma miaka kadhaa kabla yetu, akihudumu kliniki ya Ujiji, na wakimbizi tulipofurika akaazimwa kambini kusimamia jiko la watoto waliokonda na waliovimba. Zaidi ya hapo sijui. Hakusimulia habari za watu wake, nasi hatukuthubutu kumuuliza.

Jiko lenyewe lilikuwa banda la bati lisilo na kuta, turubai upande wa mvua, vinu vinne na masufuria makubwa. Alichagua wanawake sita wa kutwanga, nami nikawa mmoja wao, nadhani kwa sababu nilikuwa nabishana naye kuliko wengine. Alitugawia karanga, ufuta, mbegu za maboga na soya, akatufundisha kuzichanganya na unga wa mahindi. Hakutumia kikombe wala mizani. Kipimo chake kilikuwa konzi ya mama: konzi nne za unga, konzi moja ya mbegu zilizotwangwa. Alisema kikombe kitapotea siku tutakapokimbia tena, lakini mkono tutakwenda nao.

Hilo la "tutakapokimbia tena" alilisema kama mtu anayetaja msimu wa mahindi. Wanawake wawili waliangua kilio. Yeye aliendelea kuonyesha konzi.

Ninaloweza kumsifia bila kinyongo ni jinsi alivyozijua mbegu. Alituambia mbegu ni mtoto wa mmea, na kila mmea humfungia mtoto wake chakula cha safari, kwa sababu haujui ataangukia udongo gani. Nguvu ile unayoitafuta kwenye samaki na nyama, alisema, imefungwa humo ndani. "Lakini haikufungiwa ninyi. Mnamnyang'anya mtoto wa mwenzenu. Basi fanyeni kazi kidogo." Na kazi ilikuwepo. Soya mbichi ilimharisha mtoto mpaka uichemshe, uianike, ndipo uikaange. Mbegu za maboga zilitaka kumenywa, na alikataza tusizimenye kwa meno, ijapokuwa kwetu ndivyo tulivyokua tukifanya. Ufuta uliungua ukigeuza shingo tu. Aliyeunguza alianza upya na hakupata msaada wa mtu.

Samaki tuliwajua. Sisi ni watu wa ziwa, tumekulia migebuka na dagaa, na wengi wetu tuliona mbegu ni chakula cha watu wa bara wasiobahatika. Lakini kutoka kambini kulihitaji kibali, na dagaa waliofika waliishia kwa wenye kitu cha kubadilishana. Siku moja mwanamke mmoja alimwambia Bibi Afya kwamba yeye hawezi kumlea mtoto kwa chakula cha ndege.

"Ndege huwa wanavimba miguu?" Bibi Afya akamuuliza.

Ulimi wake ulikuwa hivyo. Alimwambia mama mmoja aliyejifungua mapacha kwamba Mungu amempa wawili ili achague wa kumlisha. Alisema hivyo kwa hasira, kwa kuwa yule mama alikuwa anampa yule wa kiume uji wa mbegu na kumpunja wa kike, na kuanzia siku ile wa kike alinenepa. Mama yule hakumsamehe. Hata mimi sijui kama maneno yale yanasameheka, hata kama yaliokoa mtoto.

Na huyo huyo, mtoto akikataa kula, alimfunga mgongoni mwake kwa kanga na kuzunguka naye banda zima akimpitishia kijiko juu ya bega, asubuhi nzima, bila kumwimbia wala kumbembeleza. Mtoto alichoka kukataa kabla yeye hajachoka kuzunguka. Riziki alikula hivyo kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alinyoosha mkono mwenyewe kwenye bakuli, nami nikapiga kigelegele. Bibi Afya akanigeukia: "Punguza kelele, atadhani amefanya kitu cha ajabu. Kula si ajabu."

Kisha lilikuwepo suala la nyama. Kila Jumapili alipopata ruhusa ya kushuka mjini alirudi na kifurushi, na jioni yake harufu ya mbuzi wa kukaanga ilitoka kwenye chumba chake hadi kwenye mahema. Sisi tuliofundishwa juma zima kwamba karanga na maharage vinatosha tulikaa tukiinusa. Jumapili moja Mama Furaha, rafiki yangu, tuliyevuka naye kwenye boti moja, alishindwa kuvumilia. Akaenda kusimama mlangoni kwake, nami nyuma yake.

"Bibi Afya, si ulisema nyama haina maana?"

Alikuja na mfupa mkononi, wala hakuuficha. "Sikusema hata siku moja kwamba nyama haina maana. Nilisema hamnayo."

Tuliondoka. Hakutuita tuonje. Kwa muda mrefu nililihesabu jambo hilo kama ushahidi kwamba hakuwa na moyo. Sasa nikiwa mzee, naona kwamba hata angetugawia, mbuzi mmoja asingefika hema la pili, naye alikuwa mtu asiyefanya mambo kwa kuonekana tu amefanya. Lakini angeweza kufunga mlango.

Kitu alichokiogopa ni kimoja. Aliogopa ukungu. Kila asubuhi kabla ya kutwanga tulimwaga karanga kwenye ungo na kuzichambua moja moja: iliyosinyaa, tupa, iliyopasuka, tupa, yenye vumbi la kijani au la manjano, tupa, na iliyogusana nayo, tupa pia. Akituona tunajaza mfuko wa zile mbovu ili tukazitumie wenyewe, alizimwaga majivuni. Siku moja alinishika mkono, akapasua karanga mbele ya macho yangu, akanionyesha ukungu uliojificha kati ya vipande viwili, mahali ambapo kwa nje palikuwa pazuri kabisa.

"Huu hauui leo," akasema. "Ungekuwa unaua leo, watu wangeuogopa. Unaingia kwenye ini na kukaa. Kukaanga hakuuondoi, kuosha hakuuondoi. Umeona?"

"Nimeona."

"Sema umeona nini."

Nikasema. Nayasisitiza haya kwa sababu ya yale niliyokuja kuyafanya.

Mwaka wetu wa pili mvua zilikata barabara. Wiki mbili hakuna lori lililofika, na stoo ya mbegu ikaisha. Lori lilipofika hatimaye tulilipokea kwa vigelegele, maana lilileta karanga, magunia mengi kuliko tuliyowahi kuona. Lilikuwa limekwama njiani siku kadhaa na turubai lake limechanika. Bibi Afya akafungua gunia la kwanza, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa na kuunusa. Akapasua karanga, akaitafuna, akaitema. Akafungua la pili, na la tatu. Alifungua yote.

"Hizi haziingii jikoni kwangu," akasema.

Mtunza stoo, kijana mstaarabu aliyetaka tu siku yake iishe, alimsihi. "Bibi Afya, zichambueni. Watoto watakula nini?"

"Hizi hazichambuliki. Mpaka katikati zimeoza. Watakula uji wa mahindi mpaka zije nyingine."

"Na zisipokuja?"

Aliita wanaume, wakachimba shimo nyuma ya vyoo, magunia yakamwagwa humo na kufukiwa. Wanawake tulisimama kwa mbali tukitazama chakula kinazikwa. Mtu ambaye hajawahi kuona hivyo asidhani anajua tulichokiona siku ile.

Nyingine hazikuja. Watoto walikunywa uji mtupu, na wale waliokuwa wameanza kupona walirudi nyuma. Miguu ikavimba tena, nywele zikabadilika rangi. Siku ya tano Bibi Afya alishuka mjini kwa miguu, kwenye barabara ambayo hata pikipiki zilishindwa. Alirudi siku tatu baadaye akiwa na matope hadi magotini na kiroba kichwani: mbegu za maboga alizoziomba nyumba kwa nyumba huko Ujiji, zile ambazo akina mama huanika juu ya bati na kuzisahau. Tulizimenya. Zilitosha siku nne.

Watoto watatu walikufa ndani ya majuma yale. Wa pili alikuwa Furaha.

Mama Furaha alikuja jikoni na kanga aliyombebea mwanawe ikiwa bado imefungwa mgongoni, tupu. Alisema kwa sauti ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyotutisha: "Bibi, chakula kilikuwepo. Wewe ukakizika."

Bibi Afya alikuwa anakoroga uji. Hakuacha kukoroga. "Ningempa kile, leo ungenishukuru, na baada ya miaka ishirini ungenilaani."

Miaka ishirini! Pale kambini nani alikuwa na miaka ishirini? Tulikuwa na Jumanne na Jumatano. Nilitazama mguu wa Riziki jioni ile, nikabonyeza mwenyewe, nikaona kishimo. Kesho yake mapema, pamoja na wanawake wengine, nilikwenda nyuma ya vyoo na jembe la kuazima. Tulizifukua karanga zile, tukaziosha, tukazianika ndani ya mahema, tukazikaanga na kuzitwanga. Nilimlisha Riziki juma zima. Nilijua nilichokuwa nampa. Nilikuwa nimeonyeshwa kwa kidole.

Naye akapata nafuu. Uvimbe ukashuka, akacheka, akaomba tena. Katika watoto wote waliokula zile karanga hakuna aliyekufa.

Habari zikaenea kambi nzima kwamba chakula kilikuwa kizuri na mwanamke yule mwenye kiburi amewaua watoto kwa kukifukia. Wakaja wageni watatu wa ofisi kuuliza. Waliweka meza chini ya turubai, wakaniita, maana nilikuwa mkono wake wa kulia na Kiswahili changu kilikuwa kimeshanyooka.

"Wewe ulifundishwa kuchambua," mmoja akasema. "Karanga zile zilikuwa mbovu?"

Nilimfikiria Mama Furaha. Nilifikiria ile harufu ya mbuzi. Nilifikiria pia, nisijidanganye, kwamba nikikiri zilikuwa mbovu nitakuwa nimekiri nilichomlisha mwanangu.

"Sijui," nikasema. "Mwanangu alikula juma zima. Hakufa."

Wakaandika. Hawakuniuliza habari za kiroba cha mbegu za maboga, nami sikuwaambia.

Bibi Afya aliondolewa mwezi ule ule. Alirudishwa mjini, tukasikia amewekwa ofisini kupanga mafaili, kazi isiyomweka karibu na mtoto yeyote. Asubuhi aliyoondoka aliniachia ufunguo wa stoo ya mbegu, kwa kuwa mimi ndiye niliyechaguliwa kushika nafasi yake. Aliniambia sufuria ya pili inavuja. Mvua za mwaka uliofuata yalikuja magunia mengine yenye harufu ile ile. Nilichambua karanga zake kadiri nilivyoweza, nikazipika. Wanawake walinipenda sana.

Vita vilipopungua wengi walirudi ng'ambo. Mimi nilikuwa na shangazi mtaa wa Kasingirima, mmoja wa Wakongo waliokaa Ujiji tangu zamani, akanichukua. Nilifanya biashara ya mawese, nikamsomesha Riziki, nikamwoza. Alikua msichana mrefu mwenye kucheka kwa nguvu. Alipofika miaka ishirini na mitatu alianza kukonda, tumbo likajaa upande wa kulia, macho yakageuka manjano. Hospitalini waliniambia ni uvimbe kwenye ini. Nilimuuliza daktari kilichouleta. Alikuwa kijana mpole. Alisema kuna virusi vinavyoweza kuleta, kuna pombe, na kuna sumu ya ukungu wa karanga na mahindi, hasa kwa mtu aliyeila tangu utotoni. Akaniuliza kama Riziki aliwahi kula chakula cha namna hiyo. Nikasema sikumbuki. Tulimzika miezi minne baadaye.

Baada ya matanga nilianza kumtafuta Bibi Afya. Muuguzi mmoja aliniambia alistaafu na hakurudi kusini. Anakaa Bangwe, nyumba ndogo inayotazama ziwa. Nilikwenda mchana. Alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki, amepungua, fimbo mapajani. Nilidhani itabidi nijitambulishe.

"Mama Riziki," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Hatukuwa na mazungumzo ya kuanzia, kwa hiyo akaanza na lile lililokuwepo.

"Riziki hajambo?"

"Hajambo," nikasema. Lilitoka lenyewe, kama linavyotoka kwa kila anayeuliza.

"Ana nguvu zake?"

"Anazo."

Alitazama mikono yake. "Naye alikula zile karanga juma zima."

"Alikula."

Kisha akasema polepole, "Basi nilikosea. Nimekaa miaka yote hii nikijiambia kwamba niliwakinga na ubaya wa mbele. Kumbe mbele hapakuwa na kitu. Wale watatu niliwanyima bure." Akawataja kwa majina, Furaha na wenzake wawili ambao mimi nilikuwa nimeshawasahau.

Niliona kwamba nimetoa ushahidi wa uongo dhidi yake mara ya pili, na karibu kwa maneno yale yale.

"Bibi Afya," nikasema, "Riziki amekufa. Ana miezi miwili kaburini. Ini."

Hakushtuka. Alinyoosha mkono, akaniwekea juu ya goti. "Pole, mama. Pole sana."

"Kwa hiyo hukukosea. Mimi ndiye niliyemlisha. Nilijua zilikuwa mbovu, ulinionyesha, na mbele ya wale wageni nikasema sijui."

"Nilikusikia. Nilikuwa upande wa pili wa turubai."

"Hukunilaumu?"

"Nilikulaumu. Na leo nakulaumu." Mkono wake ulikuwa bado juu ya goti langu. "Lakini ini lina maadui wengi. Huna hakika kama ni karanga zile, nami sina. Usinipe kitu usicho na hakika nacho ili nijisikie vizuri. Na mimi sitakupa."

Nililia pale jinsi ambavyo sikulia msibani. Aliniacha nimalize. Chini yetu wanaume walikuwa wanavuta mtumbwi mchangani, wakigombana nani anavuta na nani anajifanya.

"Ameacha mtoto?" akauliza.

"Mmoja. Wa kike. Ana miaka miwili, niko naye mimi."

"Anakula nini?"

Nikamweleza. Uji asubuhi. Ugali na sombe ya majani ya muhogo mchana. Dagaa nikiwapata.

"Uji wa nini na nini?"

"Mahindi tu, Bibi. Karanga siziingizi tena nyumbani kwangu."

Aligonga fimbo sakafuni kwa nguvu hata jirani akachungulia. "Umemnyima mtoto karanga kwa ajili ya makosa yako? Karanga haikukukosea. Ogopa ukungu, ogopa na mvivu asiyechambua. Unazinunua zikiwa bado kwenye maganda, unazimenya mwenyewe, unazitazama kwenye mwanga. Kisha?"

"Iliyosinyaa natupa."

"Kisha?"

Niliendelea, na pale niliporuka hatua alinirudisha mwanzo. Hakuniambia kama nimesamehewa, wala sikuuliza. Nilipoinuka kuaga alisema nimlete huyo mtoto amwone.

Kesho yake asubuhi nilimfunga mjukuu wangu mgongoni, nikateremka naye Bangwe.